Mwananchi Mwenye Hasira wa Oudervoort

Kwa miaka minne Lubbert Hazelhoff alikuwa anaendesha maisha yake kwa kukasirika.

Si kwamba alikuwa mtu wa hasira. Nyumbani kwake, mkewe Machteld akimtuma dukani kurudisha maziwa yaliyochacha, Lubbert alikuwa anarudi na maziwa yale yale, pamoja na jibini ambalo hawakulihitaji, alilolinunua kwa kumwonea haya muuzaji. Hasira yake ilikuwa ya kazini. Alikuwa mwigizaji aliyesomea, mwenye sauti inayotoka tumboni kama inatoka kisimani, na zamani aliwahi kuwa mfalme jukwaani kule Arnhem, gazeti likaandika kwamba mfalme “alikuwepo”. Halafu makundi ya maigizo yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, na mfalme akajikuta hana mbele wala nyuma.

Lakini katika nchi ile mwigizaji asiye na jukwaa hafi njaa moja kwa moja. Hospitali zinataka mtu wa kufa mbele ya wanafunzi wa udaktari. Polisi wanataka mlevi wa kujifunzia. Manispaa zinataka wananchi wenye hasira, ili watumishi wa kaunta wajifunze kuwatuliza. Lubbert alikuwa ameshakufa mara nyingi sana, na mara moja alikufa vizuri kiasi kwamba msichana mmoja aliacha udaktari, akaenda kusomea kupanga maua. Ila kazi iliyompatia jina ni ya Bwana Brouwer, mwananchi mwenye hasira wa mji wa Oudervoort, kando ya mto IJssel.

Kila msimu wa majani kupukutika, mkufunzi mmoja aitwaye Roelien alikuwa anampeleka Bwana Brouwer kwa watumishi wa manispaa ile. Kanuni za Roelien zilikuwa kali. Mwigizaji hatamki jina lake la kweli kamwe. Haachi uigizaji mpaka Roelien apige makofi mawili. Na mtumishi lazima afuate hatua: kwanza amwache mwananchi atoe moto wake, kisha amwambie “nakusikia, umekasirika”, kisha ampe kahawa na biskuti moja, kisha arudie shida yake kwa maneno mengine. Baada ya hapo ndipo anaruhusiwa kugusa kompyuta.

Visa vya Bwana Brouwer vilikuwa vingi: pipa la taka lililorukwa, mti wa jirani unaomzibia jua. Kisa cha hema alikitunga Lubbert mwenyewe. “Mtu anataka kibali cha kusimika hema uwanjani Jumamosi,” alimwambia Roelien, “na leo ni Ijumaa, na kaunta inafungwa saa sita mchana.” Roelien alikipenda sana, akakifanyisha mazoezi mpaka watumishi wakakijua kama wimbo wa taifa.

Sasa sikilizeni namna mtu anavyoweza kujichimbia shimo kwa koleo lake mwenyewe.

Mwaka ule Lubbert na Machteld walinunua hema kuukuu la sarakasi iliyofilisika, wakatunga mchezo wao wenyewe. Ni habari ya mvushaji, mjane na ng'ombe wanaotaka kuvuka mto usiku wa mafuriko. Lubbert alikuwa mvushaji na mjane. Machteld alikuwa kichwa cha ng'ombe, na kwa kuwa alikuwa mpiga kodiani, ng'ombe alilia kwa kodiani. Miguu ya nyuma ilikuwa toroli. Wangecheza Jumamosi kwenye uwanja wa kanisa la Oudervoort, na mama mmoja anayechagua michezo ya tamasha kubwa la visiwani, kule kaskazini, alikuwa ameahidi kuja. Akiupenda, Lubbert angecheza kitu chake majira yote ya joto. Asipoupenda, au akikuta uwanja mtupu, basi Septemba ni kurudi kufa hospitalini.

Kibali kilikuwa kimeombwa siku nyingi. Mpaka Ijumaa asubuhi, kimya.

“Nenda mwenyewe,” alisema Machteld, akishona mkia wa ng'ombe.

“Nikaseme nini?”

“Kasirika.”

“Machteld, unanijua. Siwezi.”

“Lubbert! Si ndiyo kazi yako, mume wangu? Tena ofisi ile ile!”

Akapanda baiskeli, mvua ikimpiga usoni, kwa sababu upepo wa kule haujawahi kumsukuma mtu mgongoni tangu baiskeli igunduliwe. Alifika ofisi za manispaa saa tano na ushei, akachukua namba ya foleni, akaitwa kwenye dirisha la Annechien Wolbers, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mtumishi aliyekuwa amemtuliza Bwana Brouwer mara nyingi kuliko wote.

Lubbert akafungua mdomo akasirike. Ikatoka sauti kama ya mlango wa kabati.

“Ehm... samahani... ni ile habari ya...”

Akaona aibu. Mfukoni mwake hakuwa na hasira nyingine isipokuwa ile ya kazi, basi akaitoa hiyo hiyo. Akavuta pumzi mpaka tumboni, akapiga kaunta kwa kiganja, akanguruma: “Hema langu! Uwanja wangu! Kesho watu wanakuja, na ninyi hapa mnakunywa kahawa!”

Uso wa Annechien ukang'aa kama mtoto aliyeona keki.

“Bwana Brouwer! Nilijua tu! Roelien alituambia mwaka huu hangoji majani yapukutike, wiki hii ataleta mtu bila taarifa, nikasema moyoni, lazima awe wewe.” Kisha akajiweka sawa, akashusha sauti, akainamisha kichwa upande. “Nakusikia. Umekasirika.”

“Sikiliza, Annechien, hili si zoezi.”

“Inakuuma, hema lako, na kesho ndiyo Jumamosi.”

“Inaniuma kweli!”

“Kweli kabisa inakuuma,” alisema Annechien kwa upole wa kutisha, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye chupa ya kahawa.

Habari ilienea ofisini. Wenzake walitoka kwenye meza zao na vikombe mikononi, wakajipanga nyuma yake kama watazamaji wa mpira.

“Ni yule wa mwaka jana?” aliuliza mmoja.

“Ndiye. Ila mwaka jana alikuwa mkali zaidi.”

“Amechuja kidogo. Tazama mikono, imelegea.”

“Mwacheni, watu wanazeeka.”

Lubbert alisikia masikio yakimwaka moto. Ameigiza miaka thelathini, na siku ya kwanza kuwa mtu wa kweli anaambiwa amechuja.

“Jina langu si Brouwer,” alisema. “Naitwa Lubbert Hazelhoff.”

“Oo, jina jipya!” Annechien alifurahi, akarukia hatua ya kompyuta kwa shauku. Akabofya, akasoma, akashusha miwani. “Haya, hapa mmevuka mpaka. Hili ni ombi la kweli. Bwana Hazelhoff, hema, uwanja wa kanisa, Jumamosi. Limeshakubaliwa, limebakia muhuri tu. Mwambie Roelien hatuchezei maombi ya watu. Kuna maskini wa Mungu huko nje anasubiri kibali hiki, roho juu!”

“Maskini wa Mungu ni mimi!”

Nyuma ya Annechien watu wakapiga makofi. Mmoja alisema hiyo sentensi ilikuwa nzuri, hapo amerudi kwenye kiwango chake.

Lubbert akatoa kitambulisho. Annechien akakigeuza huku na huku, akawapitishia wenzake.

“Mpaka kitambulisho mmetengeneza! Na picha yenyewe, ona alivyokunja uso. Baba, usimwonyeshe polisi kitu hiki, watakufunga.”

Akajaribu kupiga makofi mawili mwenyewe ili zoezi liishe. Wakamkumbusha kwamba anayepiga makofi ni Roelien. Akaomba Roelien apigiwe simu. Wakapiga. Roelien hakupokea: alikuwa kwenye treni, katika behewa la kimya, na Roelien si mtu wa kuzungumza kwenye behewa la kimya hata nyumba yake ikiungua.

“Haya, kaa pale,” alisema Annechien, akimwelekeza kwenye kiti cha ukutani. “Kahawa yako hii. Na biskuti yako. Moto ukishuka tutaendelea. Umefanya vizuri, ila nikuambie kama rafiki: leo sikukuamini sana. Mwaka jana nilienda nyumbani natetemeka. Leo, sijui, ilikuwa kama unaigiza.”

Lubbert akakaa na biskuti mkononi, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakimbilia saa sita kama imeahidiwa kitu. Akilini akamwona Machteld akifungasha ng'ombe. Akajiona Septemba, kwenye kitanda cha hospitali, anakufa polepole mbele ya vijana kumi na wawili wanaoandika.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Tjibbe Nauta.

Huyu Tjibbe alisoma na Lubbert shule moja ya uigizaji, na tangu siku hizo hakuna aliyemwelewa alifuata nini huko. Alikuwa mwigizaji mbovu kwa moyo wake wote. Akiigiza maiti, watu walikuwa wanamwona akimeza mate. Akipewa sentensi tatu, alikuwa anasahau ya kati. Lubbert aliwahi kuapa mbele ya mashahidi kwamba hatasimama na Tjibbe jukwaa moja mpaka kaburini, na kwamba hata makaburini ataomba wawekwe mbalimbali. Lakini Tjibbe alikuwa wa bei nafuu, na Roelien wiki ile alikuwa anabana matumizi.

Tjibbe akaja kwenye kaunta, maji yakimchuruzika, hakuchukua hata namba ya foleni. Akasimama. Akasahau.

“Mimi,” alisema. “Ninyi... yaani. Hema!”

Kofia ikamdondoka. Akaiokota, akagonga kichwa kwenye kaunta, akainuka mwekundu.

“Jumamosi!” alisema, na sauti ikamkatika katikati kama ya kijana anayebalehe. “Na mnasema... hapana, hamjasema. Hamjasema kitu! Hilo ndilo! Mimi sijui... jamani, hema!”

Vikombe vikarudi mezani kimoja kimoja, na wenye vikombe wakakumbuka kwamba walikuwa na kazi. Annechien alikuwa amepauka kama karatasi. Hatua zote za Roelien zilimtoka kichwani kwa mkupuo. Hakumwambia “nakusikia”, hakumpa kahawa, hakurudia shida yake kwa maneno mengine.

“Bwana Hazelhoff?” aliuliza kwa sauti ndogo. “Wewe ndiye Bwana Hazelhoff wa hema?”

Tjibbe akasita. Hilo jina halikuwamo katika kisa alichopewa. Lakini shuleni walifundishwa jambo moja mpaka likawaingia kwenye mifupa: mwenzako akikupa kitu jukwaani, kipokee, usikikatae. Ndilo somo pekee ambalo Tjibbe hakulisahau.

“Ndiye mimi!” alisema. “Na nimechoka!”

“Kitambulisho chako, kama una...”

“Kitambulisho!” Tjibbe akaanza kujipapasa mifuko yote, kwa sababu kweli alikuwa amekiacha kwenye koti jingine. “Nilikuwa nacho... mke wangu... hapana, sina mke! Kitambulisho!”

“Basi, basi, bwana wangu, acha, usijisumbue!” Printa ikakohoa, karatasi ikatoka, muhuri ukashuka kwa kishindo. “Samahani sana. Samahani kwa niaba ya mji mzima. Kibali chako hiki. Karibu tena. Yaani, usije tena. Yaani...”

Tjibbe akasimama na karatasi mkononi, akishangaa. Hajawahi kumaliza zoezi upesi hivyo. Akatazama kushoto na kulia akimtafuta mtu wa kumpigia makofi, na badala yake akamwona mtu kwenye kiti cha ukutani, ameshika biskuti, macho yamemtoka.

“Aa, Lubbert, kaka! Kumbe na wewe umeitwa? Mbona Roelien hakuniambia tuko wawili? Niliendaje? Ile ya kofia haikuwa kwenye mpango, lakini nimeipenda.”

Annechien akamtazama Tjibbe. Akamtazama Lubbert. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo.

“Subirini kidogo,” alisema. “Wewe ndiye mwigizaji?”

“Ndiyo, mama,” alisema Tjibbe, akiinama kidogo. “Tjibbe Nauta.”

“Na wewe basi ni nani?”

“Mimi ni mwananchi,” alisema Lubbert.

Annechien akafikiri jambo hilo kwa muda mrefu, kwa haki, kama mtumishi mwadilifu.

“Kama mwananchi,” alisema hatimaye, “ulizidisha.”

Lubbert aliinuka akanyoosha mkono kwa ajili ya kibali, na Tjibbe naye akakivuta kifuani. Tjibbe hakuwa mwigizaji, lakini hakuwa mjinga.

“Ni mchezo gani huo wa hemani?” aliuliza.

“Haukuhusu.”

“Kuna nafasi?”

“Hakuna nafasi. Mvushaji na mjane ni mimi.”

“Na wengine?”

“Kuna ng'ombe. Ng'ombe ni Machteld.”

“Ng'ombe mzima ni Machteld?”

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika chache, na Annechien alikuwa ameshaweka mkono kwenye kamba ya pazia la kaunta.

“Nyuma kuna toroli,” alisema Lubbert, akitazama sakafu.

“Toroli!” alisema Tjibbe kwa uchungu wa kweli. “Watu wazima, wasomi wa jukwaa, mnaipa toroli nafasi ya mtu!”

“Jamani, jina ni la mmoja wenu na muhuri ni wangu,” alisema Annechien. “Chukueni kibali chenu mwende zenu kabla sijaanza kufikiri.” Akateremsha pazia.

Nje, mvuani, Lubbert alikipokea kibali, na Tjibbe akapokea makalio ya ng'ombe.

Jumamosi uwanja wa kanisa ulijaa. Watu waliletwa na mvua zaidi kuliko sanaa, maana hema lilikuwa kavu na mlangoni Machteld alikuwa ameweka sufuria ya supu ya dengu za kijani, nzito kiasi cha kusimamisha mwiko. Mama wa tamasha la visiwani alikaa safu ya pili, mwenye koti la manjano la mabaharia. Annechien alikaa safu ya kwanza na mkoba wake magotini. Alikuwa amekuja, alisema, kukagua kama hema liko pale kibali kinaposema.

Lubbert alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alikuwa mvushaji, akageuka akawa mjane, akalia kwa mto ulioondoka na mumewe, na bibi mmoja nyuma akatafuta leso. Alijisikia anarudi mwilini mwake baada ya safari ndefu. Kisha ng'ombe akaingia.

Kichwa cha ng'ombe kilielekea kwenye mtumbwi, kama walivyofanya mazoezi asubuhi. Miguu ya nyuma ilisahau. Ilielekea kwenye supu. Ng'ombe akarefuka. Kodiani ndani yake ikatoa mlio ambao hakuna ng'ombe wala kodiani iliyowahi kuutoa. Miguu ya nyuma ikasimama, ikatafakari, ikarudi kinyumenyume, ikakanyaga mkia wake, ikakaa chini. Mvushaji akasema maneno yake mazuri kuhusu mauti, na hakuna hata mmoja aliyeyasikia, kwa sababu hema zima lilikuwa linatetemeka kwa kicheko. Bibi mwenye leso sasa alikuwa anaitumia kwa sababu nyingine.

Mwishoni watu wote wakasimama kupiga makofi. Hilo halikumdanganya Lubbert: watu wa kule wanasimama hata kwa hotuba ya mifereji ya maji machafu. Alichongoja ni koti la manjano. Likaja, likamshika mkono.

“Nauchukua,” alisema mama wa tamasha. “Majira yote ya joto, kisiwani. Mvushaji, mjane, kila kitu. Na ng'ombe bila shaka. Hasa kule nyuma. Sikiliza, yule wa nyuma mmemtoa wapi? Ni kipaji cha ajabu. Umeona alivyokaa? Mtu hafundishwi kukaa vile.”

Lubbert akamshukuru, akatabasamu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akazunguka nyuma ya hema, ambako Tjibbe alikuwa amekaa juu ya toroli, miguu ya ng'ombe imeshuka mpaka kwenye vifundo, anakula supu.

“Wewe!” alisema Lubbert.

“Kaka, niliendaje?”

“Wewe... yaani mimi, miaka minne... mauti! Nilikuwa nasema mauti, na wewe na hiyo... makalio! Na yeye anasema hasa... hasa kule!” Sauti ikamkatika juu kabisa, kama mlango wa kabati. Akataka kupiga kitu kwa kiganja, hakukuwa na kaunta, akapiga hewa, kofia ya mvushaji ikadondoka, akaikanyaga. “Majira yote ya joto! Na wewe! Kisiwani! Ndipo hakuna hata... hakuna hata daraja!”

Hakumaliza, kwa sababu hakujua sentensi ilikuwa inakwenda wapi. Akageuka, akamkuta Annechien amesimama na bakuli lake la supu, amepauka, anatetemeka kidogo.

“Enhe,” alisema Annechien kwa heshima. “Hapo sasa nimekuamini.”

Akaweka bakuli chini, akainamisha kichwa upande.

“Nakusikia,” alisema. “Umekasirika.”

Akafungua mkoba, akamtolea biskuti. Moja.